Rundo la Matawi Kando ya Mto

Mama mkwe wangu, Talea, hakuwa mtu wa kubembeleza wanyama. Paka akikaribia kabichi zake, alimrushia ndala. Lakini Novemba ile alimkuta kalunguyeye mdogo, yule mnyama mwenye miiba mgongoni, akiyumba kwenye majani makavu mchana kweupe. Alimpima kwa mizani ya unga. Gramu mia tatu tu.

"Huyu baridi itamuua," alisema, akamweka ndani ya sanduku kwenye chumba chetu cha kufulia.

Majira yote ya baridi alimlisha chakula cha paka na maji. Maziwa hakumpa hata tone, maana yanawaharisha kalunguyeye. Aprili, baridi ilipopungua, alimwachilia huru kwenye bustani ya mtoni, nyuma ya nyumba yetu hapa Bremen. Watu hukimbia humo, huendesha baiskeli, huchoma soseji. Bata na korongo wana matete yao yaliyozungushiwa uzio.

Kila jioni Mama aliweka sahani langoni. Kila jioni kalunguyeye alikuja, akala kwa kelele kama mlevi. Mama alianza kucheka peke yake jikoni. Tangu afiwe na mumewe sikuwa nimemsikia akicheka.

Mume wangu, Enno, ndiye mkuu wa moto wa Pasaka mtaani kwetu. Tangu Februari majirani huleta matawi waliyopogoa. Tunayarundika uwanjani karibu na mto, na Jumamosi ya Pasaka tunayawasha. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Mwaka ule rundo lilipita kimo cha watu wawili.

Asubuhi ya Jumamosi alikuja Bibi Onken, mlinzi wa bustani.

"Enno, mmelihamisha rundo?"

"Tulihamishie wapi? Moto ni hapa hapa."

"Hatua kumi tu, tawi kwa tawi. Limekaa wiki nane. Kwa wanyama hiyo ni nyumba sasa."

"Si wana miguu? Wakisikia moshi watakimbia."

"Kalunguyeye hakimbii. Akiogopa anajiviringa, anatulia palepale. Chura naye anazidi kuingia ndani."

"Acha hizo, Bibi Onken. Mwakani utatutaka tuombe ruhusa kwa panzi."

Wanaume walicheka. Mimi pia nilicheka, sitaficha.

Mama mkwe hakucheka. "Enno, mwanangu, fanya anavyosema."

"Mama, moto huu nauwasha tangu nina miaka saba. Hajawahi kutoka mnyama hata mmoja."

"Hajawahi kutoka," alisema Bibi Onken. "Ndiyo hiyo sasa. Wanaungulia humo humo."

Saa moja na nusu jioni Enno aliwasha moto. Tulikula soseji, tukanywa bia, tukaimba. Sahani ya Mama ilibaki imejaa.

Asubuhi ya Pasaka Mama alikwenda kwenye majivu na reki. Alirudi na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Hakutuambia ni wangapi. Aliiweka miguuni pa Enno, aliyekuwa anapanga mayai ya rangi mezani.

"Chimba shimo," alimwambia.

Kwa wiki nzima aliendelea kuweka chakula langoni. Kila asubuhi mimi ndiye niliyekitupa. Nilimwonea uchungu, na nilijichukia.

Enno hakujua kuomba radhi. Alikwenda kwa Bibi Onken na kumuuliza, "Inafanywaje?"

"Siku ileile ya kuwasha, mnainua kila tawi," alimweleza. "Kwa mikono, si kwa uma wa shambani, utawachoma. Mnyama mkimpata, mwekeni kwenye majani chini ya ua wa vichaka. Mkikuta kiota chenye mayai, sehemu hiyo haichomwi. Na moto uwasheni upande mmoja tu, aliyebaki apate pa kutokea."

Mwaka uliofuata tulivaa glavu, watu ishirini, tukainua matawi. Tulikuta kalunguyeye wanne, vyura wengi, na kiota chenye mayai manne. Kona ile tuliiacha. Moto ulikuwa mdogo na baadhi ya watu walinung'unika, lakini soseji ziliiva vilevile.

Kabla ya kuwasha, Enno alimbeba kalunguyeye mmoja hadi langoni. Mama mkwe alikuwa ameketi hapo, mikono mitupu mapajani.

"Tazama, Mama. Wote wanne wazima."

Alimtazama yule mnyama.

"Vizuri. Kazi imewachukua muda gani?"

"Masaa mawili, Mama. Hata hayakutimia."

"Hata hayakutimia," alisema, akainuka akaingia ndani.

Enno alibaki langoni, kalunguyeye amejiviringa kwenye glavu zake.