Tarakimu ya Jumatatu

Fundi cherehani wa jirani alikuwa na habari, na alimsimulia kila aliyeleta nguo. Alidai amemwona kwa macho yake mawili mlinzi wa nyumba ya wageni akioga kwenye bwawa la kuogelea, povu la sabuni hadi masikioni, akijisugua kama bwana harusi. Ndiyo maana, alisema, maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele.

Umbea hauna miguu lakini hukimbia. Kufikia Ijumaa asubuhi ulikuwa umemfikia meneja, naye akaamua kwamba saa sita mchana mlinzi arudishe funguo na kwenda zake.

Msichana mmoja wa darasa la sita alizisikia habari hizo usingizi ungali machoni. Walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, lakini asubuhi hiyo mdomo wake ulikuwa mzito.

Mama yake ndiye aliyetunza bwawa. Tangu mgongo uanze kumsumbua, hakuweza kuinama ukingoni, basi kupima maji kukawa kazi ya Chiriku kila siku kabla ya shule. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachota maji kwa kichupa, akadondoshea matone matano ya dawa, akalinganisha rangi na kipimo, kisha akaandika tarakimu daftarini. Njano ilimaanisha maji yana asidi mno. Waridi iliyokolea, kwamba yamezidi upande wa pili, wa magadi. Mama alisoma daftari, akapima unga wa kurekebisha, akaumwaga.

Jumatatu Chiriku alipima kweli, rangi ikawa njano. Jumanne aliamka viungo vyote vikimuuma kwa kuteka maji ya nyumbani, akanakili tarakimu ya jana. Jumatano vilevile, na Alhamisi. Nani angejua? Mama, kwa kuliamini daftari, alimwaga unga uleule wa kuondoa asidi siku nne mfululizo.

Sasa ukoko mweupe ulikuwa umeganda kwenye vigae, wa kukwaruza kama ule wa ndani ya birika kuukuu. Mama alikuwa akiusugua tangu alfajiri kwa brashi ya mpini mrefu, hatua moja, pumziko moja. Alinung'unika kwamba fundi aliyeona kwa macho mawili alivunja miwani yake mwezi uliopita. Lakini angemteteaje mlinzi, wakati daftari halikuonyesha sababu nyingine ya weupe ule?

"Mama, pumzika kidogo," alisema Chiriku.

"Nikipumzika nani atasugua? Fundi cherehani?"

"Daftari linadanganya, mama. Tangu Jumanne sijapima. Nilinakili tu."

Mama hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyetua mzigo akaambiwa aubebe tena.

"Pima," alisema.

Matone yalipoingia, maji yakageuka waridi, yakakolea kupita mwisho wa kipimo. Wakakipeleka kichupa na daftari kwa meneja, na Chiriku akarudia maneno yake bila kupunguza hata moja. Meneja alikiinua kichupa kwenye mwanga. Akasema mlinzi abaki, bwawa lifungwe wiki nzima, na mama ahesabu hilo kuwa onyo lake la kwanza na la mwisho.

Waliporudi, mama alianza kumimina dawa ya kupunguza magadi, kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Alieleza kwamba atangoja saa kadhaa, apime, ndipo aongeze. Haraka ingeharibu vigae zaidi. Kisha akashika tena brashi.

"Mwanangu, kuchoka si kosa," alisema. "Ungeniambia hukupima, ningejua kwamba sijui, ningetafuta njia. Wewe ulinipa uongo ulioandikwa vizuri, nami nikaufanyia kazi kwa mikono yangu. Uongo wako ulinichosha mimi, ukataka kumfukuzisha mwingine. Ukiwa huna jibu, acha pengo. Pengo halimdhuru mtu."

Chiriku alichukua mkoba wake wa shule. Langoni alimkuta mlinzi kwenye kibanda chake. Alikuwa amekwisha kufunga virago, na sasa alikuwa akivifungua taratibu: mashati mawili, kikombe, redio ndogo.

"Babu," alisema Chiriku, "nilikukosea. Naomba unisamehe."

Mzee alitundika shati moja kwenye msumari, akanyoosha kola yake kwa kiganja, kisha akainama kuchukua la pili.