Abiria wa Kiti cha Nyuma

Vikanyagio vya abiria kwenye pikipiki vilikuwa vimeteremshwa tena. Sponji alivikunja kwa kidole cha mguu, kimoja huku na kingine kule, akaenda kunawa uso. Aliporudi na taulo shingoni akavikuta viko chini, vimekaza, kama mtu amevikanyaga.

Sponji lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi makochi, na baraza ya nyumba yake ndiyo iliyokuwa karakana: mbao, vitambaa vya maua, misumari midogo iliyokuwa ikimchoma kila mgeni asiyeangalia anapokalia. Kwa hiyo mambo ya viti hakuhitaji kuambiwa. Alijua sponji inavyobonyea mtu akikaa na inavyoinuka akiondoka. Na kiti cha nyuma cha pikipiki yake kilikuwa kimebonyea mabonde mawili, kama ya mtu mwembamba, wala hakikuinuka.

Balaa lilianza siku ya rasharasha. Alikuwa anatoka kupima viti vya mteja, akapita njia ya machimbo ya zamani ya kokoto, na pale pembeni alisimama mwanamke aliyejitanda nguo nyeusi. Mvua ilikuwa inanyesha lakini nguo zake zilikuwa kavu. Hilo Sponji alilifikiria baadaye.

"Unaelekea wapi, dada?"

"Huko huko unakokwenda."

Sponji alikuwa mtu wa utani, ulimi haukai. "Basi panda. Kwangu ni kwako."

Alipanda, na pikipiki ikalala kwa nyuma. Njia nzima hakusema neno. Sponji alipofika mlangoni kwake na kugeuka amwambie ashuke, hakuona mtu. Ila pikipiki ilibaki nzito vilevile.

Tangu hapo nyumba ikawa si nyumba. Mkewe, ambaye mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa, aliacha kula. Alisema akiinama kupuliza moto, kuna mtu anavuta pumzi nyuma ya sikio lake. Alisema ukumbi unanuka marashi yaliyochacha, marashi na majivu.

"Baba, tutafute mtu atusomee," alimwambia kwa sauti ya chini, mchana kweupe, kama anayeogopa kumwamsha mtu aliyelala.

"Ni mimba hiyo. Mimba huleta harufu."

Alijua anasema uongo. Lakini aliona maneno ya watu yanavyokuja: Sponji kabeba mwanamke njiani, kamleta mpaka kwa mkewe! Na nani angeingiza nyumbani kwake kochi lililoshonwa kwenye nyumba ya jini? Akaona dawa ni moja. Akachukua kipande cha boksi, akaandika: PIKIPIKI INAUZWA. MWENYEWE. SITAKI DALALI. Akakining'iniza kwenye usukani.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri, alikuja kumpa somo. "Kuuza mwenyewe kuna hatari zake. Mtu akitaka kuijaribu, shika kitambulisho chake kwanza. Au panda naye, ukae nyuma."

Sponji alitazama kile kiti cha nyuma. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. "Wataijaribu peke yao," alisema. "Mimi naamini watu."

"Tangu lini?" shemeji akauliza.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliondoka anapiga mluzi, akarudi anaisukuma, shati limemganda mgongoni. Alisifu injini, akasifu breki, kisha akasema mkewe hapendi rangi nyekundu. Alikuwa ameshavuka mtaro aliposimama na kuuliza bila kugeuka:

"Fundi, yule uliyenipakilia nyuma ni nani wako?"

Sponji aliinamia misumari yake. Usoni alihisi joto, lakini moyoni lilikuwa limezaliwa wazo: kumbe anakwenda na wengine! Kumbe inawezekana siku moja akaenda na mtu, asirudi.

Wa pili alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, ambaye hata hakuuliza bei. Kitambulisho amekisahau, kwao ni hapo mbele tu, anaomba raundi moja. Sponji alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi ya harusi. Pikipiki ikakata kona ikapotea, na jua likazama haijaonekana.

"Umeibiwa!" shemeji alipiga kelele. "Uso ule! Hata kuku wangeuona wangekimbilia ndani!"

"Riziki ni ya Mungu," alisema Sponji, na usiku ule alikoroma. Mkewe alikula sahani mbili.

Kesho yake, jua la utosi, mwizi alirudi. Alikuwa anaisukuma, miguu mitupu, miwani hana, midomo imekauka kama aliyetembea jangwani.

"Baba, nisamehe. Pikipiki yako hii."

"Kaa nayo tu, mwanangu," Sponji alimwambia harakaharaka. "Nimekusamehe. Nenda nayo."

"Baba, nakuomba!" Kijana alipiga magoti kwenye vumbi. "Tangu jana ananiuliza tunafika lini. Nikimwambia ashuke anacheka, anasema mwizi hana kwake pa kumshushia mtu. Anasema atashuka kwa mtu mwema, atakayempokea kwa moyo."

Akainuka akakimbia. Nyuma ya Sponji, kitu kilivuta pumzi taratibu, na marashi yaliyochacha yakajaa barazani.

Hapo ndipo Sponji alipoanza kuchagua. Walevi aliwafukuza. Wajanja wa mjini aliwaambia imeshauzwa. Alikaa na sindano yake akisubiri mtu mwema, kama mtegaji anayesubiri njiwa, na nafsi yake ilipomuuliza anafanya nini, aliijibu kwamba anaokoa mtoto wake.

Akaja mkunga wa zahanati. Msichana mpole, mfupi, viatu vyeupe mkononi asivichafue. Kabla ya kuitazama pikipiki alimwamkia mke wa Sponji, akamkalisha, akamgusa tumbo kwa idhini yake. "Mama, mtoto amekaa vizuri. Ila hulali wewe, macho yanasema." Akamwelekeza namna ya kulalia ubavu na kuweka mto katikati ya magoti. Kisha akamgeukia Sponji.

"Kaka, mimi pikipiki ni ya kuwahi wanawake wenye uchungu usiku. Niambie ukweli, ina ubovu wowote?"

"Haina, dada."

Alimfunga helmeti kwa mikono yake mwenyewe, akakaza mkanda chini ya kidevu. "Nenda peke yako, usiogope. Pita hata njia ndefu."

Alichukua muda. Aliporudi alikuwa anacheka. "Nimeipenda! Ila nimekuwa kichaa, kaka. Kule kwenye bonde nilihisi kama mtu amenishika kiuno, nikamwambia, pole mwenzangu, shikilia vizuri, tutafika." Akavua helmeti. "Naenda kuongea na baba, nitarudi."

Akaondoka kwa miguu. Sponji alitazama kiti cha nyuma. Sponji ya kiti iliinuka polepole, kama unga unaoumuka, mpaka ikawa sawa. Akatazama barabara. Mkunga alikuwa anakwenda zake amebeba viatu, na kwenye vumbi nyuma ya nyayo zake zikachapika nyayo nyingine, nyembamba, moja baada ya moja, zikimfuata karibu kabisa.

Sponji alifungua mdomo amwite.

"Baba!" mkewe alilia kwa furaha kutoka ndani. "Ile harufu! Imekwisha!"

Akafunga mdomo.

Mkunga hakurudi kununua pikipiki. Nyumba ilikuwa safi, mkewe alikuwa anaimba, na Sponji akashona makochi kama mtu anayekimbizwa. Mpaka siku mkewe aliporudi kutoka zahanati, akakaa kwenye ngazi, khanga mdomoni.

"Yule dada aliyenipima, anaumwa. Wanasema kaingiwa na kitu. Kitandani analala ukingoni kabisa, anasema upande wa pili una mtu. Juzi katikati ya kuzalisha aliacha kila kitu, akawa anamjibu mtu nyuma yake. Wamemrudisha kwao." Akafuta macho. "Masikini, mtoto wa watu. Sijui amekipata wapi."

Sindano ilipita kwenye kitambaa, ikapita kwenye kidole cha Sponji, na hakuihisi.

Alivumilia kwa muda. Kila mkewe alipolalia ubavu na kuweka mto kama alivyofundishwa, Sponji aligeukia ukuta. Mwisho akapanda pikipiki akaenda kwa kina mkunga, na hata njiani alikuwa anatunga uongo wa kufikia nao: atasema amekuja kuuliza kama bado anaitaka.

Aliukuta mlango wazi na watu kimya. Mkunga alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekunja magoti upande mmoja kama anayempisha mtu. Mama yake alimshika mkono. Baba yake alisimama dirishani. Mbele yao alikaa tabibu, mama mnene mwenye kikohozi na miwani iliyofungwa kwa uzi, na chetezo kilikuwa kinatoa moshi.

"Nakuuliza kwa upole," tabibu alikuwa anasema. "Nani kakuleta kwa huyu binti?"

Mkunga aligeuza shingo taratibu, akamtazama Sponji mlangoni. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kavu, kama kokoto zinazomwagwa.

"Muulizeni fundi. Amefika."

Watu wote walimgeukia. Baba mtu, ambaye hakuwa akijua lolote, alisema, "Karibu, kijana. Tuwie radhi, tuna mgonjwa."

Ile karibu ndiyo iliyomvunja. Sponji alianguka pale pale kizingitini, na maneno yakamtoka yote: machimbo, yule mwanamke, mwalimu, mwizi, jinsi alivyochagua, jinsi alivyokaza mkanda wa helmeti, jinsi alivyoziona nyayo akanyamaza.

"Mimi niliomba kupakiwa tu," ile sauti ilisema. "Yeye ndiye aliyetafuta wa kumtwisha. Haya, tazameni vizuri, jini ni nani hapa."

Mama wa mkunga alianza kulia bila sauti. Tabibu alikohoa, akavua miwani, akaifuta. "Umesema kweli, na umesikika," aliliambia jini. "Sasa mwache binti. Aliyekutoa kwenu ndiye atakayekurudisha." Kisha kwa Sponji, bila kumtazama: "Washa pikipiki."

Aliwasha. Mtaa mzima ulikuwa umeshatoka kutazama. Alisikia mkunga akipiga chafya ndani, kisha akiita "Mama?" kwa sauti yake mwenyewe, na papo hapo pikipiki ikabonyea kwa nyuma, na mikono miwili baridi ikazunguka kiuno chake.

Akaenda, jua likiwa bado juu, watoto wa shule wakivuka, wauzaji wakipanga bidhaa zao kama siku yoyote, na yeye katikati yao akiwa na kile kidevu begani, akisikia pumzi zikiingia wala hazitoki, akijikataza kutazama kioo cha pembeni na akikitazama, akiona pembe ya nguo nyeusi isiyopepea ingawa upepo ulikuwa mkali, akizidi kukaza mwendo ilhali pikipiki ikizidi kuwa nzito kama inavuta nyumba nzima, mpaka nyumba zikaisha, miti ikaisha, na yale mashimo ya machimbo yakafunguka pembeni mwa njia kama vinywa.

Akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya rasharasha alizungumza naye.

"Tumefika. Tafadhali... shuka."

Mikono ikaachia. Kiti kikainuka. Kokoto zikalia chini ya miguu asiyoiona.

"Kumbe unajua kusema," ile sauti ilimwambia, sasa ikitokea pembeni, karibu na sikio. "Siku zote zile hukuniambia shuka hata mara moja. Ungesema, ningeshuka."

Nyayo zikateremka shimoni, moja baada ya moja. Sponji alikaa juu ya pikipiki nyepesi, mikono kwenye usukani.

Alirudi anaisukuma, kuipanda aliona kama kujidai. Habari zilikuwa zimemtangulia. Shemeji yake alikuwa barazani, akainuka alipomwona, akampita bila salamu. Mkewe alikuwa ndani, ameketi sakafuni anachambua mchele kwenye ungo.

"Ameshuka?" aliuliza.

"Ameshuka."

"Na yule dada?"

"Amepona. Nilisikia akimwita mama yake."

Mkewe aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Akaokota kingine. Halafu akamwinulia macho.

"Ulikuwa unatafuta mtu mwema. Mimi nilikuwa humu humu ndani." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ingekuwa hakupatikana mwingine, ungenipakia mimi?"

"Hapana!" alisema Sponji. "Hapana, mama, wallahi!"

Lakini alikuwa amechelewa kidogo, kiasi cha pumzi moja. Alikisikia kile kimya yeye mwenyewe, na alipomtazama alijua naye amekisikia. Mkewe aliinamisha uso, akaurudia mchele wake. Sponji alibaki amesimama mlangoni kwake kama mgeni, akisubiri aambiwe karibu.