Pakiti ya Kijani Juu ya Diski

Kila Jumamosi asubuhi, hapa kwetu Beipu, mji mdogo wa milimani, tulikuwa tukiamshwa na bibi yetu, Apo, akisaga chai. Alikaa kwenye kigoda, akabana bakuli la udongo kwa magoti, akatia majani ya chai, karanga na ufuta, kisha akazungusha mchi wake wa mpera huku akiimba nyimbo za milimani za Kihakka, lugha ya wazee wetu. Mimi nilikuwa narudi kutoka bwenini kila Ijumaa, na kazi yangu rasmi ilikuwa kuiba karanga. Niliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Dada yangu Mu-han, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa na kazi ya maana zaidi: alimrekodi. Kwa hiyo Apo alipofariki, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, sauti yake ilibaki ndani ya diski moja ya kompyuta. Hakuna mwingine nyumbani aliyezijua nyimbo zile, hata Baba.

Diski yenyewe ilikuwa kuukuu, ya chapa iitwayo Beiluo, na Mu-han hakuiamini. Shuleni kwao maonyesho ya sayansi yalikuwa yakikaribia, naye akachagua swali lake: ni chapa gani ya diski inayodumu kuliko nyingine? Akasoma takwimu za watu wenye maelfu ya diski, akahoji wenye maduka, akachora grafu.

"Beiluo hufa tatu katika kila mia kwa mwaka," alitutangazia mezani. "Korvan hufa moja tu. Kwa hiyo Apo anahamia Korvan."

"Mwenyewe ameulizwa?" nikasema.

"Kaka, nyamaza ule."

"Nakula, Profesa."

Bahati mbaya simu yangu ikaita. Ni simu yenye kioo kilichopasuka, ya chapa ambayo katika grafu yoyote ingekaa chini ya mstari wa chini. Mlio wake niliurekodi mwenyewe siku moja jikoni: Apo anaimba, anapiga chafya, kisha anafoka, "Nani kala karanga zangu? Yu-jie! Nakuona, mwizi we!"

Mama akaweka vijiti vyake vya kulia mezani. Mu-han akawa mwekundu. "Futa! Unamfanya Apo kichekesho!"

"Nitafuta," nikasema.

Baba alinunua Korvan mbili, akazipachika ndani ya kasha moja lenye feni ndogo kwa juu, chumbani kwa Apo. Mu-han akanakili kila wimbo kwenye diski zote mbili. Ile kuukuu akaifuta na kuipeleka shuleni, ikafunguliwa kwa bisibisi ili wanafunzi waone ndani yake. Alipata zawadi ya kwanza.

Lakini mashine haiachwi hivi hivi. Baba ni mhandisi katika kiwanda cha chipu za kompyuta huko Hsinchu, na kule hakuna mtambo usiowekewa pakiti ya vitafunio vya mahindi ambavyo jina lake maana yake ni "mtiifu", ili uwe na adabu. Sheria zake hazina mzaha. Pakiti iwe ya kijani, kama taa ya mtambo ulio mzima. Isiwe imepitwa na tarehe. Asiile mtu. Mu-han alinunua kubwa kuliko zote dukani, akailaza juu ya kasha, akainamisha kichwa.

"Mlinde Apo," akasema.

Baba akasoma tarehe kwenye pakiti, akaridhika.

Majira ya joto yakaja, kasha likawa linanguruma katika chumba kilichofungwa, wala hakuna aliyelifungua. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsikiliza Apo. Mwaka mpya ulipopita na siku ya kusafisha makaburi kukaribia, ndipo Mama aliposema, "Mu-han, tutafutie wimbo mmoja wa Apo tumpigie kaburini kwake mlimani."

Mu-han akawasha kompyuta. Diski ya kwanza ikatoa sauti: tk, tk, tk. Ya pili haikutoa hata hiyo.

"Labda ni waya," nikasema.

Baba aliinua ile pakiti taratibu. Chini yake matundu ya feni yalikuwa yamezibwa kabisa, na karatasi ya kijani imenata kwenye chuma kwa joto. Diski zote mbili zilikuwa zimepikwa pamoja ndani ya chungu kimoja.

Rafiki yake Baba kazini alijaribu kuzifufua, akashindwa, akazirudisha ndani ya bahasha. Mu-han akaichukua bahasha ile, akaingia chumbani kwa Apo, akaketi kwenye kigoda.

"Nimemuua mara ya pili," alisema.

Nilisimama mlangoni. Mimi huwa na jibu kwa kila kitu, hata walimu wangu wamelalamika. Siku hiyo nilitoa simu yangu mfukoni. Nikaita, "Mama, nipigie simu."

"Si uko hapo hapo, we mtoto?"

"Nipigie tu, Mama."

Simu ikaita. Mchi ukasikika ukizunguka, sauti ya Apo ikapanda na nusu ya wimbo, ikaja chafya, akaniita mwizi.

Mu-han aliinua uso. "Ulisema umefuta."

"Nilisema nitafuta. Nina shughuli nyingi."

"Usipokee," akasema huku akilia. "Mwache amalize."

Baba akaingia, akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, grafu yako haikudanganya. Ilisema juu ya maelfu ya diski, haikukuahidi hii yako. Hata chapa iliyo bora kuliko zote tunaweza kuiua kwa mikono yetu, na mkono wangu umo. Mimi mhandisi nilisoma tarehe ya mahindi, sikutazama matundu ya hewa. Kitu tunachokipenda hatukiachi mahali pamoja kisha tukategemea jina lililoandikwa juu yake. Tunakiweka mbalimbali, na tunarudi kukitazama. Sisi hatukurudi."

Kisha akamfuta machozi. "Kile kilichobaki, tuanze nacho."

Jioni hiyo Mu-han alimtumia shangazi yetu wa Kaohsiung kile kipande, na binamu zetu, na mwalimu wake. Nyimbo nyingine hazikurudi. Bado hazijarudi.

Siku ya makaburi kulikuwa na manyunyu. Tulifyeka nyasi, tukabana karatasi za manjano za kuwaenzi wafu kwa mawe, tukampangia Apo kuku na keki nyekundu za mchele. Nikaweka simu yangu juu ya kaburi, Baba akaipigia. Apo akaimba nusu ya wimbo, akapiga chafya, akauliza ni nani aliyekula karanga zake.

Mu-han akatoa mfuko wa karanga kwenye koti, akauweka kando ya simu.

"Kaka, usiziguse."

Sikuzigusa.