Darubini ya Bundi

Soko la Embu lilifurika watu siku hiyo. Rwamba, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, alikuwa akipapasa vitambaa alipogongwa na kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Pole, madam. Nilikuwa naangalia juu."

"Juu kuna nini? Utaingia kwa mtaro bure!"

"Juu ndiyo kazi yangu," akacheka. Alikuwa Bundi, mzaliwa wa Maua, mwalimu wa fizikia chuoni.

Wakapendana. Jioni simu haikunyamaza: "Malaika wangu, umekula?" Siku moja Bundi akamwonyesha Rwamba picha ya nyota iliyolipuka, iking'aa kwenye kompyuta.

"Hii imepigwa na darubini yetu huko angani. Inashika miale ya gamma, mwanga mkali usioonekana kwa macho. Huku chini haifiki, hewa inaizuia."

Rwamba alijivuna mpaka kwaya yake nzima ya kanisa ikajua. Lakini kila alipouliza darubini ilirushwa lini, Bundi alianza kumsifia nywele. Rwamba akaingiwa na shaka. Mchumba wake wa kwanza alimdanganya hivyo hivyo kuhusu kazi, mji ukamcheka.

Wiki ya posa, rafiki yake Kagure, karani wa chuo hicho, akapiga simu. "Wewe! Nimeuliza wenzake Bundi. Hakuna darubini."

Rwamba hakumwambia mtu. Roho ilimuuma, lakini akashona gauni lake la posa, la kijani, hadi mwisho.

Bundi na jamaa zake wakafika kijijini kwao Rwamba, Ishiara. Kibuyu cha uji kikawekwa mbele ya baba yake, Mzee Ngari, naye akamgeukia binti kama desturi inavyotaka.

"Mwanangu, huu uji tuunywe?"

Akisema ndiyo, amekubali kuolewa.

"Ngoja kwanza, baba. Bundi, darubini yako iko wapi?"

Mama Bundi akashika mdomo. Mwanawe akaloa jasho.

"Haiko."

"Sema wasikie."

"Haijatengenezwa! Iko kwa kompyuta tu. Tunairushia miale ya kubuni, tuone itashika mingapi, ndio isikosee ikienda juu. Huko hakuna fundi wa kuirekebisha. Hata ile picha ni ya kompyuta. Nilikudanganya, Rwamba. Niliogopa utasema sina kazi."

"Na itarushwa lini?"

"Sijui. Labda isirushwe kamwe."

Rwamba alimkazia macho. Lilikuwa jibu baya sana kwa mwanamume aliyekuja kuposa, na ndilo la kwanza aliloliamini.

"Kunyweni, baba," akasema. "Lakini huyu nitamchunga."