Jaruba Lisilo na Nyota

Kila siku akitoka shule, Phikun alivua sare, akaloweka mchele wa kunata wa kesho, kisha akawafungia bata. Siku hiyo baba yake, Bunloet, alimwongezea kazi moja.

"Nimetia dawa ya konokono jaruba la chini," alisema huku akinawa mikono kwa sabuni. "Kachomeke nyota sasa hivi. Usisubiri, mwanangu."

Kijijini kwao, kaa, vyura na konokono wa majaruba ya mpunga ni wa yeyote aliyewahi na kapu lake. Haombwi mtu ruhusa, na mwenye shamba hanuni. Lakini ukiona nyota iliyosukwa kwa mianzi juu ya kijiti, hapo huingii.

Phikun alishika njia na nyota yake. Karibu na hekalu aliwakuta wenzake wakiruka kamba ya mpira.

"Phikun, tumepungukiwa mtu! Au unaogopa kushindwa?"

"Nani, mimi?" Akaiegemeza nyota ukutani, akaingia mchezoni. Aliporudi nyumbani jua lilikuwa linazama, na nyota ilikuwa bado pale pale hekaluni.

"Umechomeka?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba." Alijiambia ataichomeka alfajiri, kabla watu hawajaamka.

Alikuwa akiosha vyombo uani alipopita jirani yao, Bibi Khamphan, kapu limejaa pomoni, miguu imetapakaa tope.

"Jaruba lenu la chini leo lina baraka!" bibi alicheka. "Konokono wamelegea wenyewe, nimewaokota kama mchele. Njoo baadaye ule na mjukuu wangu Kaeo. Mbona unanikodolea macho kama bata?"

Phikun akainamia vyombo vyake. Bibi akaingia kwake.

 Akisema, baba atajua kwamba amemdanganya. Asiposema... Hakutaka kuimaliza fikra hiyo. Labda dawa si kali. Labda ikichemshwa inakwisha nguvu. Upande wa pili wa ua, maji yalianza kuchemka, kisha mchi ukasikika kinuni, bibi akitwanga pilipili. Kila pigo lilimshtua Phikun. Sahani ikamponyoka.

Ndipo aliposikia sauti ya Kaeo, mtoto wa miaka mitano. "Bibi, nionjeshe mmoja!"

Phikun alikimbia. "Msile! Bibi, msile! Wana dawa!"

Mchi ulisimama. Kaeo aliangalia nyuso zao, akaanza kulia. "Nimeshameza," alisema.

Kufumba na kufumbua Bunloet alikuwa mlangoni. Phikun alisema yote mbele yake, machozi yakimtiririka. "Sikuichomeka nyota, baba. Nilikudanganya."  Baba alikimbia kuchukua pakiti ya dawa, wakampakia mtoto kwenye kigari cha pikipiki, wakaondoka mbio hadi zahanati.

Muuguzi alisoma pakiti, akamchukua Kaeo ndani. Phikun alikaa kwenye benchi akimsikia akitapika. Aliogopa kuliko wakati wowote maishani. Kila mlango ulipolia alidhani wanakuja kusema amekufa.

Hatimaye muuguzi alitoka. "Mmewahi, na mmefanya vizuri kuleta pakiti. Atapona, ila leo atalala hapa."

Bibi Khamphan alishusha pumzi, akamvuta Phikun karibu naye. Phikun alidhani atapigwa.

"Sikiliza, mjukuu wangu," bibi alisema taratibu. "Dawa majini siioni. Ninachokiona ni nyota tu. Pasipokuwa na nyota, ninaingia kwa sababu ninamwamini mwenye shamba. Ulipomdanganya baba yako, ulitudanganya sote tunaokula kutoka shamba lile. Lakini ulipokimbia kuja kusema, ulimwokoa Kaeo. Siku nyingine, sema kabla hujalazimika kukimbia."

Walipotoka zahanati, Phikun na baba yake walipitia hekaluni kuichukua nyota, wakaenda na tochi hadi jaruba la chini. Phikun alikichomeka kijiti mwenyewe, akakitikisa kuhakikisha haking'oki.

Dawa ilipokwisha nguvu, baba alimtuma akaing'oe nyota. Bibi Khamphan alikuwa amesimama kwenye tuta na kapu tupu, Kaeo amemshika nguo. Ingawa nyota ilikuwa imeshang'olewa, bibi hakutia mguu majini. Alimtazama Phikun usoni.

"Tuingie?"

"Ingieni, bibi," Phikun alisema. "Baba amehakikisha."

Bibi alikunja nguo yake magotini, akaingia.