Nyonga ya Mbao

Kila alipotoka shule, Kijiti alipitia kwanza kibandani kwa baba yake, fundi viatu. Kibanda chenyewe kilikuwa na upana wa mlango na nusu, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, na ndani kulinuka gundi, ngozi na miguu ya watu. Kijiti alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ya miguu yake mirefu na myembamba, na hakulichukia. Mikono yake ilijua kushika nyundo. Ulimi wake ndio uliokuwa mzito mbele za watu.

Muhula ule shule yao ilialikwa kwenye maonyesho ya sayansi ya shule zote za mji. Miaka yote walikuwa wakirudi mikono mitupu, bila hata cheti cha kufuta machozi. Mwalimu wa sayansi, mama mmoja mfupi asiyependa porojo, aliwagawa wanafunzi wawili wawili. Kila jozi itengeneze kiungo kimoja cha mwili, kionyeshe kinavyofanya kazi. Jozi moja tu ndiyo ingekwenda. Kijiti alipangwa na Redio, msichana aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Wenzao walikuwa wamekwisha kunyakua goti na kiwiko, basi wao wakabaki na nyonga.

Walianzia buchani. Mwenye bucha aliwapasulia kiungo cha nyonga ya ng'ombe, wakaona kichwa cha mfupa wa paja, mviringo na laini kama mpira, kimeingia kwenye shimo la mfupa lililofanana na kikombe. Kamba fupi nyeupe ilitoka kwenye kichwa hicho ikashika ndani ya kikombe. Nje kulikuwa na mikanda mingine myeupe, mipana na migumu. Redio aliivuta kwa mikono miwili mpaka akabadilika rangi, nayo haikutikisika. Mwenye bucha akacheka, akasema hata kisu chake huiomba ruhusa kwanza.

Mwalimu aliwaeleza kwamba hizo ni kano, zinazofunga mfupa na mfupa. Binadamu ana tatu kubwa nje ya nyonga. Ya mbele ina umbo la herufi Y iliyogeuzwa kichwa chini, na ndiyo yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Ya pili, mbele kwa chini, huzuia paja lisipanuke kupita kiasi. Ya tatu imeizunguka nyonga kwa nyuma. Ile fupi ya ndani haibebi mzigo mkubwa, ila kwa mtoto hupitisha mshipa mdogo wa damu unaolisha kichwa cha mfupa. Mengine, alisema, watayagundua wenyewe wakijenga.

Wakajenga. Kiwiliwili kilikuwa kipande cha mbao nene. Mapaja yalikuwa mipini ya fagio iliyokazwa juu ya ubao, na juu yake wakatia vichwa vya mviringo vilivyotoka kwenye nguzo za kitanda kilichovunjika. Vikombe viwili vya bati, vilivyokatwa nusu, vikawa vikombe vya nyonga. Kano zilikuwa mabaki ya ngozi ya viatu, yaliyogongomewa kwa vimisumari vidogo. Kijiti aliifanya kazi hiyo akiwa amekaa kwenye kigoda, mfano umelala mapajani mwake umejikunja, kama baba yake anavyolaza kiatu. Alivuta kila mkanda ukakaza barabara. Lakini kila alipounyoosha mfano usimame, vimisumari vilichomoka vyote. Akirefusha mikanda, kiwiliwili kilianguka chali kama mlevi.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchagua jozi itakayokwenda, Redio alikuwa amekwenda zake nyumbani. Kijiti aliutazama ule mlevi wa mbao kwa muda mrefu. Kisha akachukua msumari wa inchi tatu, akaupigilia kila upande, kupitia kikombe mpaka ndani ya kichwa cha mfupa. Akaziba vichwa vya misumari kwa nta nyeusi. Mfano ukasimama kama askari.

Jumanne walishinda. Redio alieleza kano zote tatu bila kupumua, darasa likapiga makofi, na mwalimu, ambaye sifa zake hazikuwa za bure, akasema hajapata kuona kazi safi kama ile. Kijiti alitabasamu, akauondoa mfano mezani kabla mtu hajauinamisha.

Jumatano aliupeleka mfano kibandani ili aung'arishe. Baba yake aliugeuza mikononi, akaudokoa mkanda wa mbele kwa kidole. Mkanda ulicheza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake akiwa na jambo zito, "mkanda huu umelala. Mzigo anaubeba nani?"

Baba yake akakwangua nta kwa ukucha, akakiona kichwa cha msumari. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Kesho utamwambia mwalimu," alisema. "La sivyo, Jumamosi kwenye maonyesho kutwa nzima utakuwa unaomba watu wasiuguse. Chagua."

Kijiti akasema kwamba wakiondolewa kwenye maonyesho, shule nzima itamcheka, na Redio hatamsamehe. Baba yake akajibu kwamba hilo linawezekana sana, kisha akarudi kwenye soli yake.

Asubuhi alimwambia Redio kwanza, nyuma ya madarasa. Redio alikaa kimya, jambo ambalo lenyewe lilitisha.

"Yaani mimi nimesimama pale mbele nahubiri," alisema mwishowe, "kumbe nahubiri msumari?"

"Ndiyo."

"Na makofi yote yale yalikuwa ya msumari?"

"Ndiyo, Redio. Nisamehe."

Redio akasema atafikiria habari ya kusamehe baadaye, kwa sasa ana hasira na hataki kuikatiza. Hata hivyo alimsindikiza mpaka mlangoni kwa mwalimu. Ndani, Kijiti alisema yote kwa sentensi mbili, macho yakiwa sakafuni. Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema kwamba jozi ya kiwiko ilikuwa tayari kuondoka wakati wowote. Kama kesho saa kumi jioni nyonga itasimama yenyewe, bila msumari, bila gundi, itakwenda. Isiposimama, kitakwenda kiwiko.

Mchana huohuo, kibandani, Kijiti aling'oa misumari. Kiwiliwili kikaanguka chali. Akaulaza mfano mapajani, akaanza kukaza mikanda upya, na alipounyoosha, kimisumari kimoja kiliruka kikamgonga Redio kidevuni. Redio akauliza kama huo ndio msamaha alioombwa.

Baba yake Kijiti aliweka sindano chini. "Unapima mkanda kitu kikiwa kimelala," alisema. "Mkanda wa ndala unapimwaje?"

Kijiti alijua. Mteja huambiwa asimame, mguu ukanyage chini kwa uzito wote, ndipo mkanda uvutwe. Ukiupima mteja akiwa amekaa, utamkata akianza kutembea. Lakini bado kitu kilimtatiza. Kama mkanda utakaza akisimama, akiinama utalegea, na mkanda uliolegea ni mbovu. Hivyo ndivyo alivyoamini siku zote.

Alipoinua macho alimwona kinyozi wa jirani, ambaye alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alisimama kwa namna yake: mabega nyuma kidogo, kiuno kimesukumwa mbele, kitambi kikimtangulia. Kijiti akamwuliza kama hachoki.

"Nichoke na nini?" kinyozi alisema, mkasi ukiendelea kulia. "Mimi najiachia tu. Kuna kitu hapa mbele kinanishika." Akajigusa chini ya mkanda wa suruali, pale paja linapoungana na mwili.

Kijiti aliinuka, akasukuma kiuno mbele, akalegeza makalio. Mwili ulitaka kwenda nyuma, lakini haukwenda. Mbele ya nyonga, ndani kabisa, kitu kilikaza kikamshika. Akakaa. Hakikuwepo. Akasimama tena, kikamshika tena. Mteja wa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, alikuwa akimtazama kama mtu aliyepagawa.

"Redio," Kijiti alisema polepole, "kulegea si ubovu. Ukikaa inalegea ili uweze kukaa. Ukisimama inakaza ili usianguke."

Safari hii hawakuulaza mfano. Redio aliushika umesimama, kiwiliwili kimeegemea nyuma kidogo kama kinyozi. Kijiti aliuvuta mkanda wa Y, akaupitisha kwa kuuzungusha kidogo kwenye shingo ya paja, akauvuta mpaka ukalia, ndipo akaugongomea. Akafanya vivyo hivyo kwa mingine. Kisha akamwambia Redio aachie.

Kiwiliwili kiliyumba, kikaenda nyuma, mikanda ikakaza. Kikasimama.

Redio akakisukuma kwa kidole. Kikayumba, kikasimama. Baba yake Kijiti akakiwekea kiatu cha mtoto begani, halafu cha mtu mzima. Kikasimama. Walipokiinamisha mbele, mikanda ikalegea bila kinyongo, na walipokiinua ikakaza tena. Ijumaa saa kumi mwalimu alikijaribu mara saba. Mara ya saba akasema jozi ya kiwiko ipewe pole.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shule nyingine zilileta taa zinazowaka na moyo unaosukuma maji mekundu. Nyonga ya mbao ilikaa katikati yao kama mgeni aliyekuja harusini na ndala. Jaji mkuu alikuwa daktari wa mifupa, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini. Alimsikiliza Redio mpaka mwisho, kisha akashika kiwiliwili na kukiinamisha.

"Sasa kano zimelegea," alisema. "Mfano wenu umeharibika?"

Redio akamgeukia Kijiti. Watu wote wakamgeukia Kijiti. Jambo hili alikuwa amelijua kwa nyonga zake mwenyewe.

"Haujaharibika, Daktari. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi. Naomba usimame, usukume kiuno mbele."

Minong'ono ikapita ukumbini. Daktari akasimama wima, akasukuma kiuno mbele, mkono kwenye nyonga. Nyuma yake wazazi kadhaa wakafanya hivyohivyo kwa siri, wakidhani hawaonekani. Kijiti akawaeleza jinsi kano zinavyojikaza na kukivuta kichwa cha mfupa ndani ya kikombe, ndiyo maana mtu husimama muda mrefu bila misuli kuchoka upesi.

"Na mtu akikaa?" daktari aliuliza. "Nani anaishika nyonga?"

Hilo halikuwa kwenye daftari. Kijiti aliutazama mfano, akaukunja, akaukunjua.

"Kikombe chenyewe, na misuli," alisema. "Lakini kano zinakuwa zimepumzika. Nadhani akigongwa kwa nguvu akiwa amekaa, hapo ndipo inaweza kuchomoka kwa urahisi."

Daktari alivua miwani. Alisema kwamba wengi anaowarudishia nyonga mahali pake ni watu waliokuwa wamekaa garini gari likagonga, goti likasukumwa nyuma. Wanafunzi wake wa chuo, alisema, huwa anawaambia jambo hilo. Leo ameambiwa.

Shule yao ilipotajwa ya kwanza, Redio alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na baba yake Kijiti alisimama juu ya kiti na viatu vyake vyote viwili.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani na kombe, akaliweka juu ya meza ya Kijiti. Alikuwa ameomba ruhusa yake asimulie habari ya msumari, naye akakubali. Aliisimulia yote. Wengine walicheka, na Kijiti akacheka pia.

"Jumanne Kijiti alikuwa na mfano uliosimama," mwalimu alisema, "na alikuwa hajui chochote kuhusu nyonga. Aliyekuwa anajua ni msumari. Siku aliponiambia ukweli ndiyo siku aliyoanza kujifunza, kwa sababu mtu hawezi kurekebisha kosa huku amelifunika. Alikubali kuaibika mbele yangu asubuhi moja, akapata siku mbili za kazi ya kweli. Mkikosea, njooni mseme mapema, wakati kazi bado iko mezani. Nitawakasirikia kidogo. Halafu tutafanya kazi."