Safari ya Chapchap Kumwona Mama

Jumapili asubuhi, chumba cha kufulia cha hosteli ya wanafunzi kilikuwa kimejaa mvuke. Chapchap alikuwa anafua soksi huku simu yake imeegemea chupa ya sabuni. Chapchap si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa jina hilo na dada yake, kwa sababu tangu utotoni kila kitu kwake ni haraka: kula haraka, kujibu haraka, na kujuta haraka vilevile. Sasa binti huyu alikuwa mwaka wa pili chuoni, katika nchi iliyo mbali na kwao.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake, muuguzi anayefanya kazi nchi ya jirani.

"Chapchap, keti kwanza."

"Nimeketi," akajibu, naye amesimama wima.

"Mama yuko hapa! Kafika jana, kaja kumwona mjukuu. Anaondoka Jumatatu ijayo."

Soksi zikaanguka sakafuni. Chapchap hakuwa amemtia mama yake machoni tangu siku aliyoondoka nyumbani kuja kusoma. Kabla hajasema neno, Mama mwenyewe akachukua simu.

"Mwanangu, uje basi. Mwenzio nimeshamwona, umebaki wewe tu. Mimi miguu hii kusafiri tena huku, sidhani."

"Nakuja, Mama! Jumamosi unaniona!"

Ahadi ilitoka kirahisi. Kutimiza ndiyo kazi. Mwezi uliopita Chapchap alijaribu kwenda kumpongeza dada yake kwa kujifungua, akaishia uwanja wa ndege. Alipata tiketi ya bei ya kutupa, akailipia papo hapo bila kusoma chochote. Kisha akafungasha. Na nani huenda kumwona mzazi mikono mitupu? Alitia blanketi, sufuria, nguo za mtoto, nepi, na mto wa kunyonyeshea. Begi likavimba, zipu ikafungwa kwa kukaliwa. Kumbe tiketi ile iliruhusu begi dogo tu. Getini akatajiwa gharama ya mzigo, ikawa kubwa kuliko tiketi yenyewe. Hakuwa nayo. Akamlaani dada wa getini, ndege ikaondoka, naye akarudi hosteli analia kama mtoto na kumsimulia kila mtu.

Ungedhani amejifunza. Wapi! Mama alipokata simu tu, Chapchap akafungua tovuti ileile. Tiketi ya bei ya kutupa ilikuwepo tena. Kidole kikaenda kwenye neno "Lipa".

Mkono mpana ukafunika simu.

"Toa mkono, Shangazi! Tiketi itaisha!"

"Na iishe."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa mwanafunzi kama wao, ila alirudi shule akiwa mtu mzima, na korido nzima ilimwita hivyo. Alipenda kutembea. Wikiendi nyingi alikuwa safarini, na bado hakuwahi kukopa sabuni ya mtu.

"Hiyo ndege inatua wapi?" akauliza.

"Kwa dada."

"Kwa dada sebuleni?"

Chapchap akanuna. Shangazi akasogeza skrini polepole. "Ona hapa. Uwanja huu una jina la mji wa dadako, lakini uko mbali na mji. Bei unayoiona ni ya kiti peke yake. Begi lina bei yake. Basi la kukufikisha mjini lina bei yake. Jumlisha vyote, ndipo ulinganishe."

Wakajumlisha. Chapchap akashika mdomo. "Ala! Mbona basi la moja kwa moja ni nafuu?"

"Tena begi lako kubwa linaingia kwenye buti bila malipo, na stendi iko katikati ya mji. Unaondoka Ijumaa jioni baada ya kipindi, Jumamosi asubuhi umefika. Ila nunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua. Haya, lete pasipoti. Jina kwenye tiketi lifanane na la humu."

Chapchap akaileta mbio. Shangazi akapekua mpaka kwenye kibali cha masomo. Akasoma tena.

"Mwanangu, kibali hiki ni cha kuingia mara moja tu. Ukitoka nchi hii, hurudi."

"Hurudi vipi? Mwezi uliopita si nilikuwa naenda!"

"Ungekwama huko. Na masomo yako yangeishia hapo. Yule dada wa getini uliyemlaani, mwombee dua."

Chapchap akakaa juu ya kikapu cha nguo.

"Basi simwoni tena Mama," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nani kasema? Kuna muhuri wa kutoka na kurudi. Kesho uwe wa kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni."

Jumatatu alifika kabla mlango haujafunguliwa. Ofisa akapokea pasipoti, akatikisa kichwa. "Watu huja wiki kadhaa kabla. Nitajaribu. Njoo Ijumaa mchana, lakini sikuahidi."

"Sasa tiketi nikate au nisikate?" akamuuliza Shangazi.

"Kata ile ambayo ukighairi wanakurudishia pesa. Bei yake imezidi kidogo, lakini hupotezi yote. Na usome masharti."

Chapchap akasoma masharti yote, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Shangazi akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Ijumaa mchana alisimama kwenye dirisha la ofisi. Ofisa akafungua pasipoti, akaigeuza. Muhuri huo hapo, wino bado mbichi.

"Yes!" Kelele hiyo iliwashtua hata walinzi wa nje. Jioni ile begi kubwa likaingia kwenye buti, na Chapchap akaketi dirishani akitabasamu peke yake. Mpakani askari alipekua karatasi zake moja moja. Kijana wa kiti cha nyuma aliteremshwa, kibali chake hakikuwa na muhuri. Chapchap akarudishiwa pasipoti. "Safari njema," akaambiwa. Nusura amkumbatie.

Jumamosi asubuhi alipanda ngazi za kwa dada yake akiburuta begi. Hakupata hata nafasi ya kugonga. Mlango ulifunguka, na Mama alikuwa amesimama pale, mtoto mchanga begani. Alikuwa ameamka mapema kusikiliza kila hatua ngazini.

Akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," akasema.

"Mama!"

Wakakumbatiana, mtoto katikati yao akilalamika. Dada yake alikuja mbio kutoka jikoni, akawazungushia mikono wote. Chapchap alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakujificha.

"Nilishajiambia nitaondoka na picha yako tu ya kwenye simu," Mama akasema. Akampa mtoto. "Haya, mama mdogo, mshike mwanao. Leo nimewapata wote."